Usinitajie Jina la Mwenye Nadharia, Niambie Nini Kitatokea

Hotuba kwa wanafunzi wa usimamizi na viongozi wa vikundi, uani mwa Ngome ya Lamu

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu wa vikundi vya akiba, manahodha mlioacha maji mazuri mkaja kunisikiliza, na ninyi wanafunzi wangu ambao mtihani wenu uko wiki tatu tu mbele: nawashukuru kwa kuitika. Jua bado kali na kivuli cha uani hakiwatoshi wote. Walio juani wasogee kwa wenzao, tubanane.

Wanafunzi, najua mmekuja na matumaini kwamba nitawadokezea maswali. Sina maswali ya kudokeza. Nina jambo lililonikaa moyoni tangu nilipoanza kusahihisha karatasi za somo hili la usimamizi na tabia za watu kazini, nalo ni hili: wengi tunaowapa alama za juu hatukuwapima. Tulipima kumbukumbu zao, kisha tukawaandikia cheti kinachosema wanaelewa watu.

Tazameni swali ambalo kila mmoja wenu keshalijibu mara nyingi. "Taja na ueleze kanuni tano za usimamizi kwa mujibu wa Henri Fayol. Alama 10." Aliyemeza daftari hulimaliza upesi. Mgawanyo wa kazi, mamlaka na wajibu, nidhamu, umoja wa amri, umoja wa mwelekeo. Kila moja mstari na nusu, alama kumi zimeingia. Fayol alikuwa mhandisi wa migodi Ufaransa, akaongoza kampuni kwa miaka 30, na mwaka 1916 akachapisha aliyojifunza. Kanuni alizotaja ni 14, lakini mwenyewe alieleza kwamba idadi hiyo haina kikomo maalumu, kwamba alizichagua zile alizozitumia mara nyingi, na kwamba si ngumu kama chuma. Zataka kiasi na busara. Maneno hayo ya tahadhari ndiyo maarifa yenyewe, na sijayaona katika karatasi ya mtahiniwa hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyauliza.

Sasa nisikilizeni niwape swali jingine juu ya Fayol huyohuyo. Wahenga wetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Je, methali hii yazungumzia umoja wa amri au umoja wa mwelekeo? Tetea jibu lako.

Nililitoa darasani mwaka jana. Waliokariri vizuri kuliko wote walinyamaza. Aliyelijibu ni binti mmoja ambaye babake ana mashua, na alilijibu hivi. Jahazi lina manahodha wawili, wote wawili wanataka kufika Kizingitini. Mmoja asema legeza demani ya tanga, mwenzake asema kaza. Baharia aliyeshika kamba hajui amtii nani. Hapo mwelekeo u mzima, amri ndiyo iliyovunjika. Kisha akasema: sasa tuseme wamegawana mabaharia, kila nahodha na wake, hakuna baharia mwenye mabwana wawili, lakini mmoja anataka Kizingitini na wa pili anataka Mokowe. Hapo amri imesimama, mwelekeo ndio umevunjika. Chombo kinakwenda mrama kote kuwili, ila kwa sababu mbili, na dawa yake ni mbili. Ugonjwa wa kwanza watibiwa kwa kumwambia kila baharia amsikilize nani. Wa pili hautibiki hivyo hata kidogo. Lazima waliopo usukanini wakae chini waamue safari.

Binti yule akisahau kanuni ya tisa inaitwaje, mimi sijali. Ana kitu cha kutumia kesho akiingia ofisi ambamo mkuu wa fedha na mkuu wa mipango wanamtuma karani mmoja kazi mbili zinazopingana.

Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake, walimu wa vyuo vikuu kule Marekani, waliweka ngazi sita za kujua: kukumbuka, kufahamu, kutumia, kuchanganua, kuunganisha, na kutathmini. Walimu wote tunaijua ngazi hiyo, tumeisomea. Na bado tunapotunga mtihani tunaketi kwenye kipandio cha chini kabisa, kwa sababu ni rahisi kusahihisha. "Taja" husahihishwa hata na mtu aliyechoka. "Tetea jibu lako" lataka msahihishaji afikiri. Nasema hivi nikijihesabu miongoni mwa wakosaji.

Niwaeleze nilivyoujua uzito wa jambo hili.

Mimi niliupita mtihani huu kwa alama za juu. Swali la nne katika karatasi yangu lilikuwa juu ya majaribio ya Hawthorne, ule uchunguzi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha Marekani, nami nilijaza kurasa mbili bila kuinua kalamu. Miezi michache baadaye nikapata kazi ya usimamizi katika ghala moja la samaki huku pwani. Jina lake silitaji. Kazi ilikuwa kuosha samaki, kuwapanga kwenye barafu na kufunga makreti. Nikaona vijana wanafunga idadi ileile kila siku, wawe samaki wengi, wawe wachache. Ikifika saa tisa mikono imelegea, ingawa hakuna aliyekaa. Nikaenda kwa mkubwa wangu nikaomba bonasi kwa kila kreti la ziada, nikapewa. Wiki ya kwanza idadi haikusogea. Wiki ya pili kijana mmoja mgeni kazini aliivuka, akalipwa. Kesho yake alikuja kimya, hamtazami mtu usoni, na makreti yake yakarudi kulingana na ya wenzake. Mimi nikaandika ripoti kwamba vijana wale ni wavivu na kwamba hata pesa haziwasukumi. Wawili wakaachishwa kazi kwa ripoti ile.

Ndugu zangu, lile halikuwa jambo geni. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu kwenye karatasi ya mtihani. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa ni chumba cha waya cha Hawthorne, nami sikukitambua kwa sababu kilinukia samaki na watu wake walisema Kiamu.

Turudi basi Hawthorne penyewe, maana nataka mwone kilichokuwamo. Kilikuwa kiwanda kikubwa cha Western Electric huko Cicero, kando ya Chicago, kikitengeneza vifaa vya simu. Uchunguzi ulianza mwaka 1924 kwa kupandisha na kushusha mwanga wa taa, ukaendelea hadi 1932. Sehemu ya mwisho ilikuwa chumba cha waya, wanaume 14: tisa wa kufunga waya, watatu wa kulehemu, wawili wakaguzi. Walilipwa kwa mpango wa kikundi, kwamba kikundi kikitoa zaidi, kila mmoja anapata zaidi. Anayeamini kwamba mtu hufuata pesa kama mbuzi afuatavyo majani angesema watakimbia. Hawakukimbia. Walikuwa na kiasi chao cha siku walichokiona ni haki, wakikifikia wanapunguza mwendo. Aliyezidisha aliitwa mvunja kima cha malipo. Aliyepunguza mno akaitwa mtegea kazi. Aliyepeleka habari kwa wakubwa alikuwa mchongezi, na huyo ndiye mbaya kuliko wote. Aliyevuka mpaka alipigwa ngumi ya begani, na hilo lilitosha.

Kwa nini? Walisema wanaogopa: kazi ikiongezeka, kima cha malipo kitashushwa, au wenzao wasio wepesi watafukuzwa. Na ile ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi Marekani, watu wakitolewa kazini kila siku.

Kijana wangu mgeni nilikutana naye miaka baadaye, Langoni, akiwa na duka lake. Tukaketi barazani. Akanieleza alichoambiwa na wenzake usiku ule baada ya kulipwa: makreti ya ziada ya leo ndiyo ya lazima kesho. Niliinamisha kichwa, kwa sababu walikuwa wamesema kweli. Mimi nilikwishapanga kwamba baada ya miezi mitatu nitapandisha idadi ya kawaida na kuiondoa bonasi. Sikumwambia mtu, lakini walijua. Wale wawili walioachishwa sikuwapata tena kuwaomba radhi.

Katika mtihani wangu niliambiwa "eleza matokeo ya Hawthorne," nikayaeleza. Lau mtahini angeniuliza, "Kikundi kinachohofia kima kushushwa kikiwekewa bonasi, nini kitatokea, na utafanya nini kwanza kabla ya bonasi?" pengine ningekwama. Kukwama kule kungekuwa heri, kwa sababu kungetokea kwenye karatasi, si juu ya riziki ya watu.

Ndiyo maana nawaambia: usinitajie jina la mwenye nadharia, niambie nini kitatokea. Nadharia ni ahadi. Inasema, mambo yakiwa hivi, tarajia hivi, wala usitarajie vile. Asiyejua inakataza nini, hajaijua, hata kama anajua mwaka iliochapishwa na jina la kati la mwandishi.

Na nadharia nayo ina haki ya kukalishwa mtihani. Kuna sehemu nyingine ya Hawthorne ambayo vitabu huipenda zaidi: chumba cha wanawake waliounganisha rilei, swichi ndogo za simu, kuanzia mwaka 1927. Walipewa mapumziko, siku zao zikafupishwa, kazi ikapanda. Kisha mapumziko yakaondolewa, na bado kazi ikabaki juu. Wanafunzi huandika: "Hii inaonyesha kwamba kuangaliwa na kujaliwa huongeza kazi." Msahihishaji huweka vema. Mimi siku hizi nauliza: na nini kingine kilibadilika mle chumbani? Malipo yao yalitolewa katika kundi kubwa la kiwanda yakafungwa kwenye kikundi chao kidogo, kwa hiyo juhudi ya kila mmoja ilionekana mfukoni. Msimamizi wa ukali aliondolewa. Na mwanzoni mwa 1928 wawili kati yao walitolewa kwa kuzungumza sana na kutoshirikiana, wakaletwa wengine wepesi. Umebadilisha malipo, msimamizi na watu, kisha unasema sababu ni kujaliwa? Hata yale majaribio ya taa, wachumi Steven Levitt na John List walipozichambua upya takwimu zake mwaka 2011, walikuta dalili za athari hiyo ni hafifu mno kuliko ilivyosimuliwa. Elton Mayo, profesa wa Harvard, aliipa hadithi ile umaarufu, na sehemu kubwa ya aliyoyasema juu ya vikundi kazini ina nguvu mpaka leo. Lakini mwanafunzi anayeandika "kujaliwa" bila kuuliza swali hilo amepokea mzigo bila kuufungua.

Manahodha, sasa nakuja kwenu, maana hili ninyi mnalijua kuliko mimi.

Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu, chakula cha safarini. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Kuna fungu la chombo, la nyavu au mashine, la nahodha, na ya mabaharia. Kila bandari ina desturi yake na kila chombo maelewano yake. Haya, tuseme mwenye chombo amenunua mashine mpya yenye nguvu, na kwa ajili yake akaongeza fungu moja upande wake. Chombo sasa kinafika mbali, samaki ni wengi, na baharia kila mwezi anapata shilingi nyingi kuliko zamani. Je, atafurahi?

Anayehesabu shilingi peke yake atajibu ndiyo. John Stacey Adams, aliyeandika nadharia ya usawa mwaka 1963, angesema usikimbilie. Mtu hahesabu alichopata tu. Anapima alichopata kwa alichotoa, kisha anatupa jicho kwa mwenziwe kuona kipimo chake. Baharia anamwona mwenye chombo ameketi mjini, mafungu yake yameongezeka, na yeye ndiye anayelala baharini. Shilingi zimepanda lakini mizani imeinama. Adams anatarajia moyo wake usitulie, na usipotulia atafanya kitu: atapunguza juhudi, au atadai fungu, au atahamia chombo kingine, au atajituliza kwa kusema mashine nayo ni mali ya mtu iliyoingia hatarini, au atabadilisha anayejilinganisha naye, aache kumtazama tajiri amtazame baharia wa mashua jirani.

Hapa nataka muwe wakali hata kwa Adams. Nadharia inayoacha milango mitano wazi, nitaikamata vipi? Baharia akiondoka, Adams alisema. Akibaki, Adams alisema. Mwanafunzi mzuri ataandika kwamba nadharia hii inakataza jambo moja tu kwa uhakika: kwamba mtu aone dhuluma, aamini ni dhuluma, kisha aendelee vilevile bila mabadiliko ya kitendo wala ya fikra. Kisha ataongeza kwamba Adams peke yake hatuambii mlango upi utafunguliwa. Lazima tujue kama kuna chombo kingine cha kuhamia, baharia ana deni kwa mwenye chombo au hana, na kama ni mpwa wake. Huyo nampa alama zote, na nampa mkono.

Nilipolisema hili kwa mzee mmoja wa Matondoni ambaye maisha yake yote yamekuwa kwenye vyombo, aliniambia: "Mwalimu, sisi hugawa samaki wa kitoweo kabla ya kugawa pesa, na yule wa kitoweo anagawanywa sawasawa, nahodha na mtoto wa kuteka maji." Sijaona kitabu chenye mfano mzuri kuliko huo wa jinsi kikundi kinavyotuliza mizani. Pesa zifuate cheo, lakini kitoweo kifuate ubinadamu.

Niwaguse vijana. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na tangu kabla ya hapo barazani kwetu hakukomi maneno: vijana wasomee kazi za bandari. Wapo waliosoma na wapo waliokataa, na wazee husema waliokataa hawataki kazi. Victor Vroom, katika nadharia yake ya mwaka 1964, anaugawa moyo wa kufanya jambo katika maswali matatu. Nikijitahidi, nitaweza? Nikiweza, nitapata kilichoahidiwa? Na hicho kilichoahidiwa, ninakitaka? Majibu hayajumlishwi, yanazidishwa. Sifuri moja inatosha kuua yote. Basi mzee anaposema kijana hataki, ameiweka sifuri kwenye swali la tatu bila kumuuliza. Huenda kijana anaitaka kazi sana, na anajua akili anayo, ila haamini kwamba cheti kitamfikisha getini. Sifuri yake iko katikati. Ukimletea mhubiri wa kumtia hamasa umemtibu mguu mzima. Anachohitaji ni kuona kwa macho mtu wa mtaani kwake aliyesoma, akaomba, akapata.

Mwanafunzi akiulizwa "eleza nadharia ya Vroom" ataandika maneno matatu magumu. Akiulizwa "sifuri iko wapi?" ataenda kuzungumza na kijana. Mimi nataka lile la pili.

Jengo hili tuliloketi, wengi mnajua, lilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Kuta hizi zilizojengwa miaka 200 iliyopita ziliwafungia watu. Douglas McGregor, mwaka 1960, aliandika juu ya fikra mbili alizoziita X na Y, na hapa ndipo karatasi nyingi huzama. Wanafunzi huandika: "Kuna wafanyakazi wa X ambao ni wavivu, na wafanyakazi wa Y ambao wana bidii." Hapana. X na Y si aina za wafanyakazi. Ni imani zilizomo kichwani mwa msimamizi: X kwamba watu ni wavivu wa kuchungwa, Y kwamba watu hujituma wenyewe. Gereza ni nyumba iliyojengwa juu ya X: kila kufuli inasema hatukuamini. Kwa gereza pengine haina budi. Lakini duka likijengwa hivyo, karani akipekuliwa kila jioni na kufungiwa kila droo, baada ya mwaka utamkuta anafanya kazi kwa kiasi cha kutofukuzwa tu, na tajiri atasema, "Mnaona? Niliwaambia hawa si watu wa kuaminika." Imani imezaa ushahidi wake. Mimi niliandika ripoti ya aina hiyo, nimekwisha kuwaeleza.

Mama zangu wa vikundi, Max Weber, yule mwanasosholojia wa Ujerumani, ni wenu. Alisema watu humtii mtu kwa sababu tatu: desturi, kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi, haiba, kwamba mtu huyu ana jambo la pekee, na sheria, kwamba kanuni imempa cheo. Usita wa Mui, njia yetu kuu ya mjini, wote watatu wanapita: mzee wa mtaa, shekhe anayefuatwa na watu, na afisa wa kaunti. Linalonivutia kwa Weber ni swali lake juu ya yule wa pili: akiondoka, inakuwaje? Anatarajia mambo mawili. Ama kilichojengwa juu yake kitasambaratika, ama haiba yake itageuzwa kuwa desturi au kanuni, ishike bila yeye. Tunao mfano mlangoni kwetu. Habib Saleh alitoka Ngazija, akasomesha hapa Amu, akaanzisha Riadha, msikiti na chuo cha dini, zama za mwisho wa karne ya 19. Baraka yake si jambo la Weber kulipima, na sisi hatumwombi. Lakini kila Mfungo Sita wageni wanamiminika kwa Maulidi, na darsa zinaendelea, watu wa kizazi ambacho hakikumwona. Alichoanzisha kilipata ratiba, walimu, nyumba za kulaza wageni na ukoo wa kukisimamia. Sasa nawauliza ninyi: kikundi chenu kimejengwa juu ya mama mmoja hodari. Akiugua mwezi mzima, nani ana ufunguo wa sanduku, na nani anajua nani anadaiwa nini? Kama jibu ni yeye tu, mnajua Weber anatarajia nini.

Maslow nitampitia upesi. Makala yake juu ya mahitaji ya binadamu, kuanzia ya chini kama chakula hadi ya juu kama kutimiza kipaji, ni ya mwaka 1943, na ndani yake hamna ile piramidi ya vitabuni. Ilichorwa na wengine baadaye. Yeye mwenyewe alisema mpangilio wa mahitaji si mgumu, na kwamba mtu hangoji lile la chini litimie asilimia mia ndipo alione la juu. Kwa hiyo ukimwona fundi wa nakshi anayedaiwa kodi ya nyumba na bado anakataa kukabidhi mlango ambao ua moja limepinda, usiandike kwamba Maslow amekosea. Andika kwamba mchoro ulioumeza ulikuwa mwembamba kuliko maneno yake.

Na Hofstede, tafadhalini, kwa upole. Takwimu zake za utamaduni, zilizochapishwa mwaka 1980, zilitokana na wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, na zilipoongezwa nchi nyingine baadaye, sisi tuliwekwa kapu moja, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia, tukaitwa Afrika Mashariki. Mtu anayenukuu namba za kapu hilo kueleza kwa nini mhudumu wa Shela hakumjibu meneja wake amerukia mbali mno. Amuulize mhudumu.

Mary Parker Follett, mwandishi Mmarekani wa mambo ya uongozi aliyefariki mwaka 1933, simwoni kwenye karatasi zetu, na naona ni hasara. Alisimulia watu wawili maktabani: mmoja anataka dirisha wazi, mwingine limefungwa. Wakafungua la chumba cha pili. Mmoja alitaka hewa, mwenzake hakutaka upepo umpige. Hakuna aliyeshindwa na hakuna aliyegawana nusu. Kila ninapoona watu wa mashua za abiria na wa mizigo wakizozana gatini juu ya nafasi, nasema moyoni, laiti mtu angewauliza kila mmoja anataka nafasi ile saa ngapi na kwa nini.

Wanafunzi, mtihani wenu utakuwa kwa Kiingereza, hilo halibadiliki wiki hii. Lakini kabla ya siku ile jipimeni kwa njia hii. Chukua nadharia moja, nenda nyumbani, umweleze mama au nyanya yako kwa lugha yetu, bila kutumia neno hata moja la kitabu. Ukikwama, ukaanza kusema "yaani, kuna kitu kinaitwa…", umegundua pahali ambapo ulibeba jina ukaacha maana. Rudi kitabuni hapohapo. Nyanya yangu, nilipomweleza chumba cha waya, alinikatiza katikati: "Hao ni kama wasukaji makuti. Anayesuka mengi huharibu bei ya wote." Hakuwa amesoma. Alikuwa amekwisha nitungia mfano wa kulijibu swali la nne, na mimi sikuwa na busara ya kuuandika.

Naona baadhi yenu wanatazama saa, na alasiri imekaribia. Niwape swali la kwenda nalo, kisha tusimame.

Mashua ina watu sita. Mwenye chombo ameamua kuwalipa mshahara wa mwezi badala ya mafungu, na mshahara huo ni sawa na wastani walioupata mwaka uliopita. Nini kitatokea msimu wa kusi, bahari ikichafuka, na nini kitatokea kaskazi, samaki wakijaa? Nani ataondoka kwanza kati ya wale sita, na kwa nini huyo? Ni jambo gani likitokea utakubali kwamba umekosea? Andikeni karatasi mbili, bila jina la mwanachuoni hata mmoja ndani yake. Nileteeni Jumamosi wakati kama huu, hapahapa uani. Manahodha wawili wamekubali kusahihisha pamoja nami, na wao wataanza kusoma kabla yangu.